Siku Nilipomtoa Mjane Mkekani

Nyie mabinti na vijana mnaoanza kazi kwenye zahanati zetu, nawaona mnavyopita hapa Malangali asubuhi, sare zimepigwa pasi, simu mkononi, mnanitupia "shikamoo bibi" mbio mbio mkidhani nitawaomba kitu. Marahaba. Siombi kitu. Nataka mkae kidogo niwaambie habari ya kizunguzungu, maana juzi nilimsindikiza jirani yangu kwenye zahanati moja, kaanguka akiwa anachota maji, na mwenzenu mmoja bila hata kuinua macho akamwambia, "Bibi, kunywa maji mengi, kapumzike." Hakumuuliza swali hata moja. Nilirudi nyumbani nimekasirika mpaka chai ikanishinda.

Mimi nimekuwa nesi miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo niliimalizia kule Mollo, kwa wakulima wa mahindi na ulezi. Mpaka leo wananiita Nesi Leokadia, ingawa gauni langu la kazi sasa nalifunikia mbegu za maharage zisiingiwe na wadudu. Mengi nimeyasahau. Dawa mpya siwezi hata kuzitamka. Habari ya mtu kuanguka ndiyo imegoma kunitoka, kwa sababu kuna siku aliyeanguka alikuwa mdogo wangu wa tumbo moja, Yusta, akaanguka katikati ya watu waliokuja kumlilia mumewe. Nitafika huko. Naizungukazunguka kwa sababu bado inaniuma.

Ngoja kwanza mnicheke. Nilipoanza kazi niliwekwa chini ya mganga msaidizi mmoja, Mzee Gaudensi, sisi wote tulimwita Dokta. Alikuwa mkali, mfupi, na alikuwa anavaa sweta lile lile mwaka mzima. Wakaleta mtu kajikata mguu na shoka. Dokta akanipa beseni nishike. Nikasikia harufu ya damu, mara masikio yakaanza kuvuma, jasho la baridi, macho yakafunga kiza. Nilipozinduka niko sakafuni, miguu yangu imepandishwa kwenye benchi, na Dokta anaendelea kushona kidonda kwa utulivu wake wote.

"Umeamka?" akaniuliza bila kugeuka. "Lala hapo hapo. Ukiinuka haraka utanipa wagonjwa wawili."

Yule mwenye kidonda ndiye aliyenipa pole, fikirieni aibu hiyo. Baadaye Dokta alinipa chai ya sukari na kuniuliza maswali ambayo nimeishi nayo maisha yangu yote. Ulikuwa umesimama, umekaa, au umelala? Ulikuwa unafanya nini? Kabla ya kuanguka ulisikia nini mwilini? Umekula? Ulipoamka ulijijua mara moja, au ulichanganyikiwa? Nikamjibu. Akasema, "Mzimio wako una sababu, umekuja na dalili zake, na umeamka na akili zako. Huo ni mzimio wa amani. Siku ukikutana na usio wa amani, usikae ukaubembeleza."

Na huo wa amani ndio mwingi, siwadanganyi. Nyie wenyewe mmeuona kanisani, Jumapili ya Matawi, wakati wa somo refu la mateso. Watu wamesimama, kanisa limejaa, mabinti hawajaweka kitu tumboni tangu jana, basi hapo katikati utasikia puu, mmoja kaenda chini. Wanakuja akina mama wanne wenye huruma, wanamnyanyua, wanamsimamisha, mmoja anamshika kwapa, mwingine anampiga makofi ya uso, mwingine anammwagia maji. Jamani, huruma hiyo ina madhara. Mtu kazimia kwa sababu damu haikufika kichwani, na wewe unakipeleka kichwa juu zaidi. Mwache alale. Legeza nguo shingoni, inua miguu, angalia kama anapumua. Akitapika mgeuze ubavu. Maji ya kunywa yasubiri mpaka aamke sawasawa na aweze kumeza, vinginevyo yataingia kifuani. Na kama hapumui, hapo huo si mzimio tena, anza kumkandamiza kifua kama mlivyofundishwa na wengine wakatafute gari.

Lakini kila Jumapili ya Matawi ikifika mnazoea, na mazoea ndiyo niliyokuja kuyasema. Kizunguzungu ni neno moja ambalo watu wanalitumia kwa mambo mia. Mwingine anasema kizunguzungu, ukimuuliza vizuri anakwambia nyumba ndiyo inayozunguka, akigeuza kichwa kitandani inazunguka zaidi na anatapika. Huyo mara nyingi shida iko sikioni. Mwingine ni akiinuka tu ndipo anapepesuka. Kulikuwa na mzee hapa alikuwa anasahau vidonge vyake vya presha, akikumbuka anameza vya jana na vya leo kwa pamoja, halafu anashangaa mbona dunia inamkimbia. Kulikuwa na mfugaji mmoja wa Kisukuma, mpole sana, alikuwa na kisukari. Anameza dawa alfajiri, anatoka na ng'ombe, chakula mpaka arudi. Walimkuta kalala malishoni jasho linamtiririka, anaongea ovyo, wenzake wanasema kalewa. Mwanamume yule hajawahi kuonja kimpumu, pombe yetu ya ulezi, maishani. Mama mwenye hedhi nyingi kila mwezi naye atawaambia kizunguzungu, mtoto aliyeharisha siku nzima ataanguka, na mwenye malaria ataanguka.

Na baridi yetu ya mwezi wa saba mnaijua. Familia moja ya wafanyabiashara pale Majengo waliamka asubuhi vichwa vinawapasuka, mama kaanguka mlangoni, mtoto haamki vizuri. Sifa ya mji wetu kwa uchawi mnaijua pia, basi jirani mmoja akatajwa papo hapo kwamba kawatupia kitu. Walipofikishwa kwetu, Dokta Gaudensi aliuliza jambo moja tu: "Jiko la mkaa lililala wapi?" Lililala ndani, dirisha limezibwa na gunia. Wakatolewa nje kwenye hewa, wakapelekwa hospitali mjini wakawekewa oksijeni, wakapona. Yule jirani hakuna aliyemwomba msamaha mpaka leo.

Sasa nisikilizeni kwa makini hapa. Mtu akizimia wakati anakimbia, analima au anabeba mzigo, usimwambie apumzike, moyo wake unataka kuangaliwa. Akizimia ghafla bila dalili yoyote, au akiwa amelala, au kifua kinabana, au moyo unaenda mbio ovyo, au kwao kuna watu waliokufa ghafla wakiwa vijana, hospitali. Kizunguzungu kimekuja na mdomo umepinda, mkono umelegea, maneno hayatoki, hospitali saa hiyo hiyo. Ameanguka akajigonga kichwa, amekakamaa akatupa mikono na miguu, choo kimekuwa cheusi kama lami, hospitali. Na mwanamke yeyote aliye kwenye umri wa kuzaa, akizimia na tumbo linauma, mchukulie ana mimba mpaka hospitali iseme hana. Hilo la mwisho ndilo la Yusta.

Yusta aliolewa kule Mollo, kwa Mzee Kasiano. Mumewe aliitwa Deo, kijana mrefu, mcheshi, kazi yake kupakia mahindi kwenye malori. Alinizoea mpaka alikuwa ananidai ugali kabla hajanisalimia. Siku moja lori walilopanda lilipinduka kwenye mteremko wa kushuka bondeni, na Deo akafa pale pale. Alikuwa hajafikisha hata umri wa kuota mvi moja. Walikuwa wameoana muda mrefu na hawajapata mtoto, na Yusta kwa hilo alikuwa ameshasemwa mpaka akazoea kutazama chini akipita kwa watu.

Kwenye ukoo ule wana desturi yao. Mjane anakaa mkekani, ndani, tangu taarifa inapofika mpaka mume anapoingia kaburini. Hatoki. Haendi kwao, haendi popote, na makaburini yeye ndiye wa kwanza kutupa udongo. Akivunja hayo wanasema amemkimbia marehemu, na neno hilo linamfuata mpaka anazeeka.

Asubuhi ya maziko nilikuwa jikoni na akina mama, tunapika maharage ya waombolezaji. Pikapu ya jirani ilikuwa inajiandaa kwenda mjini kuchukua mwili mochwari. Nikasikia vilio vimepanda ghafla ndani. Nikajua kuna aliyezimia, kwenye msiba hilo si jambo geni. Nilipoingia nikakuta ni Yusta, wamemsimamisha, kichwa kimeangukia kifuani, mmoja anampitishia kitunguu puani.

"Mlazeni," nikasema.

"Dada, ni uchungu tu, mwache aulie," akasema wifi yake.

"Uchungu autolee chini. Mlazeni."

Tukamlaza, nikainua miguu, akafumbua macho. Na mimi niwaambie ukweli, moyoni nilisema ni mzimio wa amani. Hajala, hajalala, kafiwa na mume. Sababu ipo, na nani asiyeijua. Nikamfunika khanga, nikakaa naye. Baadaye wifi yake akaleta uji, tukamuinua kidogo anywe. Alipokaa tu, akazimia tena. Hata kulia alikuwa halii.

Hapo maneno ya Dokta yakanirudia. Nikamshika mkono, umelowa jasho la baridi. Mapigo yanakimbia, membamba, yananipotea kidoleni. Nikavuta ukope wa chini, ndani kumekuwa kweupe. Nikamwinamia sikioni.

"Yusta, unaumwa wapi?"

"Bega," akasema. "Na huku chini, upande. Tangu juzi. Nilidhani ni kulia."

"Siku zako umeziona lini?"

Akageuza uso ukutani. "Zimenipita, dada. Nimeona matone tu. Sikutaka kumwambia mtu. Deo tu ndiye niliyemwambia huenda nimeshika mimba."

Nikagusa tumbo. Lilikuwa gumu, na akanishika mkono wangu ili nisiguse tena. Mwenye bega linalouma bila kuliangukia, na tumbo namna hiyo, na siku zimepita, damu inamwagikia ndani. Mimba imetunga kwenye mrija na mrija umepasuka. Sikuwa na kipimo cha kuniambia hivyo. Nilikuwa na vidole vyangu na maswali ya mzee mmoja mwenye sweta.

Nikapiga simu ya gari la wagonjwa. Lilikuwa limeshuka ziwani kumfuata mama anayejifungua. Nikatoka nje kwa Mzee Kasiano. Alikuwa amekaa na wazee wenzake, koti limefungwa mpaka shingoni, macho mekundu.

"Baba, Yusta lazima aende hospitali sasa hivi. Naomba ile pikapu."

Akanitazama kama sijasema kitu. "Pikapu inakwenda kumchukua mwanangu."

"Impeleke Yusta kwanza. Ni huko huko mjini."

"Nesi," akasema taratibu, "mwanangu hajaingia kaburini. Mke wake anatokaje mkekani? Nani atamtupia udongo? Watu wote hawa watasema Deo alikufa na mkewe akaondoka. Hata mimi nikisimama naona kizunguzungu tangu juzi. Mbona sijakimbia hospitali?"

Wazee wakaitikia. Mmoja akasema wajane wote huzimia. Sikuwa na hasira nao, naomba mnielewe. Walikuwa wanamlinda Yusta kwa namna wanayoijua, wasije wakamsema. Nilikuwa naogopa tu. Kila neno tulilokuwa tunasema pale, yeye ndani alikuwa anapungua.

"Baba," nikasema, "damu inamwagika tumboni kwake. Ana mimba, imeharibika vibaya. Akibaki mkekani, nyie wanaume mtachimba kaburi la pili."

Hakuna aliyekuwa anajua habari ya mimba. Mzee Kasiano akanyanyuka, akapepesuka kweli, akashika nguzo.

"Mimba ya Deo?"

"Ya Deo."

"Una hakika?"

"Sina hakika, baba. Hakika iko hospitali. Nikikosea, nitarudi hapa mnitukane wote, na nitakaa kimya."

Alisimama pale akiangalia mlango wa nyumba. Kisha akavua koti lake, akanipa nimfunike. Akawaambia wale vijana wa pikapu, "Mchukueni mama yenu."

Nyuma ya pikapu walikuwa wameshatandika godoro na shuka jeupe kwa ajili ya jeneza. Hapo ndipo tulipomlaza mdogo wangu. Nilikaa naye, kichwa chake chini, miguu juu ya mapaja yangu, namzungumzisha asilale. Barabara yenyewe mnaijua, vumbi na mashimo. Aliniuliza jambo moja tu njia nzima: "Dada, na Deo tunamfuata?" Nikamwambia ndiyo, tunamfuata.

Hospitali walifanya haraka, nawashukuru mpaka leo. Daktari binti mdogo, wa umri wenu, alimsikiliza Yusta, akaniuliza maswali yale yale ya Dokta Gaudensi mmoja baada ya mwingine, akamtoboa tumbo kwa sindano, ikatoka damu. Akasema tunaingia chumba cha upasuaji sasa. Ilihitajika damu. Wale vijana wa pikapu, waliokuja kubeba jeneza, walikunja mikono ya mashati, wakapimwa, waliofaa wakatoa. Halafu wakaenda mochwari, wakambeba Deo, wakamlaza kwenye lile godoro. Walikuwa wamegeuza shuka.

Niliwaona kupitia dirisha la korido wakitoka getini. Mke yuko ndani anapasuliwa, mume anakwenda kuzikwa, na mimi nimesimama katikati na koti la mzee mkononi, sijui nimlilie nani kwanza. Niliwalilia wote. Mhudumu mmoja akaniletea kiti, akadhani nitazimia.

Yusta alipona. Mimba haikuwa ya kuokoa, ile huwa haiokoleki, na mrija waliukata. Alipozinduka alinitazama, akauliza, "Wameshamzika?" Nikasema wameshamzika. Akafumba macho. Siku kadhaa hakunisemesha, na nilipomlisha uji alikuwa anafungua mdomo bila kunitazama. Ndugu zangu, mnaweza kuokoa mtu akawachukia kwa muda. Mvumilieni. Mimi nilimvumilia, ingawa usiku nilikuwa najiuliza kama ningethubutu kufanya vile kwa mtu asiye wangu. Naamini ningethubutu. Nyie pia mthubutu.

Mollo maneno yalisemwa, kama mzee alivyoogopa. Kisimani, sokoni, hata kwenye sala za jumuiya. Mjane aliyetoka. Hakuna aliyesema damu, hakuna aliyesema mrija. Yusta aliporudi nilimsindikiza mimi, anatembea ameshika tumbo, khanga kichwani mpaka machoni. Nilijiandaa kugombana na mtu yeyote, nilikuwa nimeshapanga na matusi.

Mzee Kasiano alitoka ndani, akapokea shikamoo yake. Akazunguka nyuma ya nyumba, akarudi amebeba karai limefunikwa na turubai. Ndani kulikuwa na udongo, umekauka, una mabonge. Akasema siku ya maziko, padri alipomaliza sala na watu wakaangalia nani atatupa wa kwanza, yeye alichota udongo ule kutoka kwenye lundo la kaburi akauweka pembeni. Akawaambia watu, "Huu ni wa mkewe. Yuko njiani." Na tangu siku ile alikuwa anaufunika usinyeshewe.

Tulikwenda makaburini sisi watatu. Mzee alikuwa anasimama kila mara kupumzika, na mimi nikamwambia kesho nakupima presha, utake usitake, akasema sawa, nesi. Tulipofika, Yusta alipiga magoti, akachota udongo kwa mikono miwili, akaumwaga polepole kwa Deo, tena, na tena. Hakulia. Karai lilipofika nusu akasimamisha mkono.

Mzee akamwambia, "Malizia, mwanangu."

Yusta akatikisa kichwa. "Huu uliobaki si wa Deo, baba," akasema. "Yule mwingine hakuzikwa."

Mzee Kasiano alipiga magoti kwa shida pembeni ya kaburi la mwanawe, akaanza kuchimba shimo dogo kwa vidole vyake.